Kamba ya Kwenda kwa Mluzi

Jumatatu, 4 Machi

Bi Darubini ameniachia madaftari mawili leo. La kwanza lina safu zilizochorwa kwa rula: tarehe, saa, mayai mangapi, watoto wangapi, mvua ilinyesha au haikunyesha, na nyingine ambazo sijazisoma zote. Hilo ni la ofisi. La pili ni tupu, amesema la akiba, endapo la kwanza litalowa. Sijawahi kuwa na daftari tupu la kwangu tangu nilipoacha shule, basi nimelichukua. Akilidai nitamshonea jingine.

Nieleze kwanza, maana nikija kusoma nikiwa kikongwe nitakuwa nimesahau. Mimi ni fundi cherehani. Nakaa na kaka yangu katika vyumba viwili, nyumba ya mwisho ya barabara yetu. Ukivuka uzio wetu unaingia msituni. Nasema msitu, wenye magari wanasema kichaka. Ni ekari tisa za miti na kijito katikati. Kaka alikuwa fundi wa injini za mabasi. Mwaka wa pili sasa haoni kabisa. Ni presha ya macho, tulichelewa hospitali. Tangu hapo hana kazi, wenzake wa gereji hawaji tena, na redio haitaki. Kilichobaki chake ni huo msitu. Kila asubuhi namshika mkono, tunaingia hatua hamsini hivi, anasimama, ananusa na kusikiliza. Akirudi anakuwa mtu. Siku tusipokwenda anakaa amegeukia ukuta, na ukimsemesha leo anakujibu kesho.

Mwezi uliopita wapima ardhi walikuja wakapigilia vigingi vyekundu. Patakuwa maghala na maegesho ya malori. Bi Darubini wa ofisi ya mazingira (jina lake nalijua, lakini mtu mwenye darubini mbili shingoni na suruali ya mifuko kumi na minne amejibatiza mwenyewe; mifuko nimeihesabu, na mishono yake ni mibovu) anasema imebaki njia moja. Humu yumo ndege adimu. Ikithibitika kwamba anataga na kulea humu, watoto wakaruka, sheria inazuia tingatinga. Uthibitisho ni daftari. Kamati inakaa mwisho wa Aprili. Yeye anazungukia misitu sita, hawezi kushinda kwetu, kwa hiyo mwandishi ni mimi.

"Kwa nini mimi, Bi?" nilimwuliza.

"Kwa sababu unahesabu vifungo huku unapiga soga na hukosei."

Ndege mwenyewe ana jina refu la kitabuni. Kaka anamwita Mluzi, maana hupiga miluzi mitatu inayoshuka, wa mwisho mdogo, kama mtu aliyeomba kitu akanyimwa.

Jumamosi, 9 Machi

Mvua ya kwanza, manyunyu tu, haikulowesha hata shuka iliyoanikwa. Kaka aliijua tangu asubuhi kwa sababu dudumizi alikuwa akilia bondeni, ile sauti yake ya maji yanayomiminwa kutoka kwenye chupa ya shingo nyembamba. "Huyo hadanganyi," alisema. Tukaenda.

Amenifundisha kunusa. Pua yangu imezoea mafuta ya cherehani na gundi ya kitambaa kipya. "Usivute kama unarudisha kamasi," akasema. "Vuta kidogo kidogo, kama unaonja chumvi ya mboga." Kwanza nikapata vumbi. Halafu kivumbasi, hicho ukikigusa na pindo la gauni tu kinakurukia puani. Akapapasa mjafari, akachuma jani bila kuchomwa na mwiba hata mmoja, akalifikicha: ndimu tupu. Na chini ya yote harufu nzito ya matete yanayooza kijitoni, ambayo mimi naiita uvundo na yeye anaiita chakula cha miti.

Nimekaa hapa miaka kumi na tisa nikidhani msitu unanuka msitu, basi.

Jumanne, 12 Machi

Sare arobaini za shule, vifungo vitano kila moja. Mluzi hakuna. Mvua hakuna.

Alhamisi, 14 Machi

Nimemwona. Mgongo wa rangi ya chai kavu, kifua cha chungwa, mstari mweupe juu ya jicho kama wanja uliokosewa. Mdomoni alishika vinyuzi vya mizizi. Nikakaa chini kwenye majani yaliyolowa, upupu ukanila mguu wote, sikujikuna. Akaingia kwenye kijiti chenye panda, usawa wa kiuno changu, pembeni ya kisiki chini ya mkuyu mkubwa. Akatoka mdomo mtupu. Mara nne.

Nilirudi nikikimbia. Mwanamke wa miaka hamsini na minne. Kaka alicheka nilipomwambia, na sikumbuki mara ya mwisho alipocheka.

Jumamosi, 16 Machi

Bi Darubini amekuja na masharti.

"Kila siku ya tatu, si kila siku. Nusu dakika. Simama mbali, tumia darubini hii. Usipite njia moja mara mbili, na usiishie kwenye kiota. Pitiliza, kana kwamba una safari zako."

"Kwani ndege atajua?"

"Ndege hana neno. Wanaokuja nyuma yako ndio watajua. Nguchiro, nyoka, paka. Wanasoma nyayo zako kama unavyosoma gazeti."

"Sisomi gazeti, Bi."

"Basi kama unavyosoma futi ya kupimia."

Kila kitu alikisema mara mbili, na mara mbili nikamwitikia ndiyo. Ana uso wa mtu aliyekwishaambiwa ndiyo nyingi.

Jumanne, 19 Machi

Mayai mawili. Kijani hafifu, yenye madoa ya kahawia. Nimejaza daftari la ofisi kwa mwandiko wa kanisani. Mvua imenyesha usiku kucha na haikuonyesha dalili ya kukatika hadi saa nne.

Kaka ameomba nimpeleke amsikilize kwa karibu. Nikamwambia haturuhusiwi. Akasema sawa. Najua sawa yake.

Alhamisi, 21 Machi

Hajala tangu jana asubuhi. Amegeukia ukuta. Nilimwambia namna nilivyopita njia ya juu leo nikazunguka na kijito, nikidhani atafurahi. Akasema, "Wewe unakwenda kila upande. Mimi nakwenda mpaka unaponiachia mkono."

Jumamosi, 23 Machi

Nimefanya jambo, na naliandika hapa kwa sababu la ofisi halina safu yake.

Nilichukua uzi ule mnene wa kushonea magunia. Nikaufunga kwenye nguzo ya mlango wetu, nikaupeleka hadi kwenye mjafari, kutoka hapo hadi mkunazi uliopinda, kutoka hapo hadi hatua sita kabla ya kisiki. Nikaupiga mafundo. Fundo moja: inua mguu, kuna mzizi. Mafundo mawili: mteremko. Matatu: simama, usisogee tena. Nikamwekea Kaka mkono juu ya uzi na kumfuata nyuma bila kumgusa.

Alikwenda mwenyewe. Miaka miwili sijamwona akitembea peke yake nje. Alifika kwenye mafundo matatu, akasimama, na Mluzi akaanza, si ile miluzi mitatu bali wimbo wa chini chini, wa mtu anayemwimbia mkewe wageni wasisikie. Kaka alisimama mdomo wazi. Mvua ikamwingia kolani hakuijali.

Ni mara moja tu, nilisema moyoni. Hatua sita ni mbali.

Jumatatu, 25 Machi

Mayai mawili. Kaka alikwenda asubuhi.

Jumatano, 27 Machi

Kaka alikwenda asubuhi na alasiri. Nilikuwa nashona, sikumkataza. Alirudi na orodha ya ndege: shore wanane hivi wakigombana, chozi kwenye maua ya mlangamia, kigong'ota kwenye mti mkavu wa kulia, tetere wengi. Alinijia na jani la mtunguja ili tu nisikie lilivyo na manyoya. Amekula sahani mbili.

Ijumaa, 29 Machi

Nyasi chini ya kamba zimelala. Imekuwa njia, nyembamba na nyeupe kidogo, kama mshono uliopasiwa. Nikiisimamia mlangoni naiona mpaka kwenye mjafari. Nimeiona na nimerudi kwenye cherehani.

Jumanne, 2 Aprili

Wamezaliwa. Wawili, uchi, vichwa vizito kuliko shingo. Sikuweza kusubiri siku ya tatu, nikaingia pamoja na Kaka. Nikamnong'oneza kila nilichokiona, naye akatikisa kichwa kila neno, kama ninamsomea barua kutoka kwa mtu aliyemkumbuka sana.

Nimempigia simu Bi Darubini. Nikamsikia akimwambia mtu aliyekuwa naye, "Wameangua." Akaniuliza kama nafuata masharti. Nikasema ndiyo.

Ijumaa, 5 Aprili

Kiota kitupu.

Nilipita saa moja na nusu asubuhi. Wazazi wote wawili walikuwa juu ya mkunazi wakilia tki, tki, tki, sauti ya mashine iliyokatikiwa uzi. Nilijua kabla sijafika. Hakuna damu, hakuna manyoya, walikuwa hawajaota hata manyoya. Kiota kimekaa vizuri, hakijainama. Mtu asiyejua angedhani wenyewe wametoka kidogo.

Kwenye tope, kati ya mkunazi na kisiki, chini ya kamba kabisa, palikuwa na nyayo. Ndogo, vidole na kucha, moja mbele ya nyingine. Hazikuzunguka, hazikutafuta. Zilifuata kamba kama mtu aliyeelekezwa nyumba, zikapita mafundo matatu, zikaendelea hatua sita.

Niliikata kamba yote kwa mkasi wa kazi. Mkasi wangu mzuri, siutumii hata kwa karatasi. Nikaizungusha mkononi nikirudi, na nilipofika mlangoni mpira ulikuwa mkubwa kama kichwa cha mtoto. Kaka alikuwa ameshavaa viatu, anapapasa nguzo, anatafuta mwanzo wa uzi.

"Umeifungua?" akauliza.

Nikamwambia. Akakaa chini pale pale kizingitini.

"Nguchiro," akasema.

"Umejuaje? Sijakwambia nyayo za nani."

Alifikicha vidole kana kwamba bado vina uzi.

"Nilimnusa. Ana harufu yake, ya kitambaa kilicholowa kikafungiwa sandukuni. Juzi nilimnusa kwenye mjafari. Jana alikuwa kwenye mkunazi."

"Na hukusema."

"Ungeikata kamba."

Nilimwambia, Mungu akunyime macho, na wewe ujinyime akili? Nilisema na mengine. Nilisema nimeacha maisha yangu kwa ajili ya kumshika mkono mtu mbinafsi. Jirani muuza mkaa alitoka kutazama. Kaka hakujibu hata moja, na nilitaka ajibu, ili nisibaki peke yangu na kile nilichokijua: kwamba kamba nimefunga mimi, njia nimeiona nikarudi kwenye cherehani, na simuni nimesema ndiyo.

Jumamosi, 6 Aprili

Hatukusemezana. Mvua kubwa.

Jumatatu, 8 Aprili

Leo ni siku ya kujaza. Nimekaa na daftari la ofisi tangu asubuhi, kalamu mkononi. Kaka alisikia kwamba siandiki.

"Andika kweli," alisema. Ni neno lake la kwanza kwangu kwa siku tatu.

"Kweli ikifika kamatini wanaleta tingatinga. Halafu wewe?"

"Mimi nitakaa."

"Utakaa wapi? Ukutani? Nimekuona ukikaa."

Nimefikiri hivi: kiota ambacho watoto wameruka ni kitupu. Kiota ambacho watoto wameliwa ni kitupu. Bi Darubini atakuja mwisho wa mwezi akute kitupu. Kati ya kitupu na kitupu kuna nini, kama si mwandiko wangu?

Nimeandika: *Watoto wawili. Wazima. Wanalishwa.*

Alhamisi, 11 Aprili

*Watoto wawili. Macho yamefunguka. Manyoya yanachomoza mabawani. Mzazi ameleta kiwavi cha kijani.*

Kiwavi nimekitia mwenyewe. Kibaya zaidi ni kwamba nilifurahi kukiandika. Kwa dakika moja niliwaona.

Jumatatu, 15 Aprili

Kaka amekaa nje kwenye kigoda tangu mvua ilipokatika. Saa tatu akaniita.

"Mdogo wangu, Mluzi yuko ng'ambo ya kijito. Anaimba ule wimbo wa chini. Wanajenga upya."

"Nyamaza," nikamwambia.

"Nakwambia nimesikia."

"Watoto wao wana siku kumi na tatu na wiki hii wanaruka. Ndege mwenye watoto wa kuruka hajengi ng'ambo. Imeandikwa. Usije ukamwambia mtu."

Akageuza uso kwangu, yale macho yake yasiyoshika kitu. "Wewe sasa," akasema, "unaliamini daftari?"

Sikwenda ng'ambo kuangalia. Niliogopa nitamkuta.

Alhamisi, 18 Aprili

*Wameruka, wote wawili, asubuhi.* Nimempigia simu Bi Darubini. Alilia. Kweli, nilimsikia akipenga kamasi. Akasema katika misitu yake sita huu ndio wa kwanza. Nilimwambia hongera na wewe, Bi. Ulimi wangu hauna mfupa.

Jumatatu, 22 Aprili

Nitaandika yote.

Alikuja saa nne, na keki ndani ya kibati, na shati jipya. Akamkumbatia Kaka, na Kaka alisimama kama nguo iliyotundikwa. Akaniambia nimwonyeshe kiota. Atakichukua, kitawekwa ofisini ndani ya kioo na chini yake litaandikwa jina langu. Nikampeleka kwa njia ya mzunguko. Nyasi za njia ile ya kamba zilikuwa zimeanza kusimama, lakini hazijasimama vya kutosha. Aliiona. Akapitiliza.

Alitoa kioo kidogo chenye mpini, akakiinamisha juu ya kiota. Alitazama muda mrefu kuliko nusu dakika. Akagusa ukingo kwa kidole.

"Fundi," akasema, "koti lililovaliwa unalijuaje?"

"Viwiko," nikasema. Nilikuwa bado sijaelewa. "Kola. Linalegea."

"Kiota kilicholea vivyo hivyo. Watoto wakikua hawaenei, wanakaa ukingoni, ukingo unalala. Chini kunabaki unga wa manyoya, kama pumba. Pembeni kuna vinyesi vya siku za mwisho. Hiki ukingo wake umesimama. Hiki ni koti la dukani."

Mvua ilikuwa inadondoka kutoka kwenye mkuyu, tone tone, juu ya mfuko wake.

"Lini?" akauliza.

"Tarehe tano."

Akahesabu kwa vidole. "Siku kumi na saba," akasema. Hakupandisha sauti, na ningependa angepandisha. Akafungua daftari la ofisi nililokuwa nimelibeba kwapani, akaweka ukucha kwenye safu ya saba. Sijawahi kuijaza, nilidhani si yangu. Imeandikwa: *Kimeharibiwa, sababu.*

"Kuliwa si kosa," akasema. "Viota vingi huliwa, ndiyo maana safu ipo. Wakinyang'anywa hawa hawakai matanga. Siku kumi, kumi na mbili, wanajenga tena, mvua ikiwa bado ipo. Ungeniandikia siku ile ile, ningekuja. Tungekitafuta cha pili. Ningeiomba kamati isubiri hadi mwisho wa Mei, na wangesubiri, wameshasubiri kwingine."

"Basi kipo," nikasema. "Kaka anawasikia ng'ambo ya kijito. Tangu tarehe kumi na tano anawasikia."

Hapo ndipo uso wake ulipobadilika.

"Nimekwishapeleka taarifa," akasema. "Siku ile uliponipigia. Nimewaandikia wameruka, nimetia sahihi. Leo nikirudi kuwaambia haikuwa kweli, nani ataniamini nikisema kipo kingine?"

"Usirudi. Acha ilivyo."

"Wenye maghala watamleta mtaalamu wao. Atatazama ukingo kama nilivyoutazama." Akafunga daftari. "Na hata asipokuja, mimi nimeshauona."

Tulirudi. Kaka alikuwa mlangoni, akasikia hatua zetu, na nadhani alizisoma, kwa sababu hakuuliza. Bi Darubini alimshika bega akamwambia samahani. Yeye ndiye aliyeomba samahani. Kibati cha keki kimebaki mezani, hatujakifungua.

Nilikuwa namcheka mifuko yake. Leo nilimwona akitafuta leso katika mifuko kumi na minne asiipate.

Jumatano, 24 Aprili

Nimemwomba Kaka msamaha kwa maneno ya tarehe tano. Akasema, "Ulisema kweli, isipokuwa hapo kwenye maisha yako. Hayo hukuyaacha kwa ajili yangu. Ulikuwa huna pa kuyapeleka." Halafu akaniomba nimtie uzi kwenye sindano, aone kama bado anaweza kushona kifungo. Alishona vitatu. Vimekaa upogo. Sikuvifumua.

Jumanne, 30 Aprili

Kamati imekaa. Bi Darubini amepiga simu jioni. Aliwaeleza yote, kiota cha kwanza na cha pili. Walicheka, anasema, hasa hicho cha pili. Mmoja aliuliza kama ndege huyu hutaga kila kamati inapokaribia. Yeye amehamishwa, anakwenda kwenye mafaili. Nikamwambia sijui niseme nini. Akasema nisiseme, nimtunze kaka yangu.

Alhamisi, 2 Mei

Tumevuka kijito, Kaka mgongoni mwangu penye maji mengi, mzito kama gunia la mkaa. Yeye ndiye aliyenielekeza: kushoto, bado, bado, hapo. Kiko kwenye mafunjo, chini ya mti mdogo ulioinama. Watoto wawili. Siku mbili au tatu. Macho bado.

Nimekwenda nyumbani nikachukua daftari la ofisi, ambalo hakuna anayelitaka tena, nikaandika: *Watoto wawili. Wazima.* Ni mistari ileile niliyokwisha kuitumia. Ukiitazama, huwezi kuitofautisha na ya uongo.

Jumatatu, 6 Mei

Tingatinga mbili na msumeno. Nilimwendea msimamizi na daftari. Si mtu mbaya, alivua kofia.

"Siku kumi tu," nikasema. "Upande wa ng'ambo. Anzeni huku, mmalizie kule."

"Mama, ningekuwa na siku kumi ningekwenda kumwona mama yangu." Akapindua kurasa mbili. "Ni wewe yule wa ndege wa karatasi?"

Nikamwambia ni mimi.

"Hawa nao?"

"Hawa wapo. Njoo uone, si mbali."

Akanitazama kwa huruma, na akanirudishia daftari kwa mikono miwili, kama anayemrudishia mtoto kitu chake. Walianzia ng'ambo, kwa sababu ardhi ya kule ni laini.

Jumanne, 7 Mei

Nilifunga madirisha asubuhi, Kaka akayafungua.

Sijapata kunusa kitu kama kile. Yote yamepondwa pamoja, yote yamepasuliwa, na upepo unakuja kwetu. Nilidhani nitaona kinyaa. Ilikuwa harufu nzuri, Mungu anisamehe, nzuri mpaka watu barabarani walisimama wakauliza kuna nini. Kaka alishika nondo za dirisha na kutaja. Huo mjafari. Kivumbasi, chote, kitanda kizima. Mkunazi umekatwa sasa hivi, unasikia utamu ule? Mkuyu, huo ni utomvu wake. Alitaja tangu saa mbili mpaka saa nane, taratibu, bila kukosea, na mimi nilikaa nyuma yake nikizungusha cherehani bila kitambaa ili asisikie kwamba nalia. Alasiri akanyamaza. Nikamwuliza sasa ni nini.

"Dizeli," akasema.

Jumatano, 8 Mei

Sare kumi na sita.

Ijumaa, 10 Mei

Nimeshona tangu saa kumi na mbili asubuhi. Jua kali, mvua zimekwisha, nje peupe mpaka barabara kuu, naona malori ambayo sikuwa nayaona. Kaka hajatoka chumbani, nikadhani amelala. Saa tano nikampelekea chai.

Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, amevaa shati la kutokea, amefunga vifungo vyote, viatu mguuni, mikono magotini. Amenyoosha shingo kuelekea dirishani.

"Bado hakujakucha?" akaniuliza.

Nikasimama na kikombe. Nikamwambia kumekucha zamani, ni saa tano.

"Hakuna ndege aliyeanza," akasema. "Nilikuwa nasubiri waanze."

Nikamwambia hakuna. Akatikisa kichwa, akainama, akavua viatu.